Mpira wa Ngozi Wenye Mabara Saba

Ukipita mtaa ule asubuhi, kitu cha kwanza utakachosikia ni nyundo ya fundi viatu. Ko, ko, ko. Amekaa kibarazani kwake, kiatu amekivika kwenye kalibu ya chuma, misumari midogo ameibana kwa midomo. Pembeni yake pana kikapu cha vipande vya ngozi, kopo la gundi na uzi uliopakwa nta.

Mkewe hufua mashuka hospitalini. Wana mtoto mmoja tu, binti wa miaka saba. Mtoto huyu haoni tangu alipokuwa mchanga. Lakini ukimpa kiatu akishike, atakwambia ni cha nani na kisigino kimelika upande gani. Na kwa kukariri, hana mpinzani. Neno akilisikia mara moja, amelimeza. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kasuku.

Fundi alijivunia binti yake kupita kiasi. Mteja akikaa tu kwenye benchi, ameshanaswa.

"Kasuku, hebu mtajie mzee mabara ya dunia."

Kasuku huvuta pumzi. "Asia, Afrika, Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini, Antaktika, Ulaya, Australia."

"Na bahari kuu?"

"Pasifiki, Atlantiki, Hindi, Kusini, Aktiki."

Mteja hupiga makofi. Fundi hutabasamu mpaka misumari inamdondoka.

Mwezi mmoja mtaani palihamia mwalimu mmoja, mama wa makamo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule hadi shule akiwasaidia watoto wasioona. Leo yuko huku, kesho kule. Haikupita wiki, majirani wakambandika jina: Kiguu na Njia. Kwa mwendo ule soli zake hazikudumu, na alasiri moja akafika kibarazani kwa fundi.

Fundi hakuchelewa. Kasuku akaitwa, akataja mabara saba na bahari tano bila kukwama.

"Umetaja vizuri sana," alisema mwalimu. "Sasa niambie, Asia ni nini?"

Kasuku akafikiri kidogo. "Ni mama wa mtu."

"Mama wa nani?"

"Darasani kwetu kuna mtoto mama yake anaitwa Asia. Nadhani ndiye mkubwa wao, kwa sababu anatajwa wa kwanza."

"Na Pasifiki?"

"Hiyo inakuja baada ya Australia. Ukimaliza Australia unapumua, halafu unasema Pasifiki."

Mzee aliyekuwa kwenye benchi aliangua kicheko. Fundi hakucheka. Alikigeuza kiatu mkononi kama mtu aliyesahau alichokuwa akikitengeneza.

"Haoni, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Ramani ni kitu cha macho."

"Ramani ya wino ndiyo ya macho, fundi," alijibu mwalimu. "Nitapita kuchukua viatu kesho."

Jioni, baada ya kula, fundi alimsimulia mkewe.

"Mimi nilikuwa najua," alisema mama Kasuku.

"Ulijua nini?"

"Wiki iliyopita aliniuliza Ulaya ikoje. Wenzake walimwambia ni ya kijani, kama ilivyo ukutani darasani. Nikamjibu ndiyo, ni ya kijani. Ningemwambia nini, baba Kasuku? Hata mimi siijui."

Kasuku alikuwa akiwasikiliza. "Siku ya wazazi wenzangu watashika fimbo waonyeshe mabara," alisema. "Mwalimu wa darasa amesema mimi nitakaa nyuma na waimbaji."

"Si unapenda kuimba?" aliuliza baba yake.

"Napenda. Lakini nataka kuonyesha."

Siku ya wazazi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Kesho yake fundi hakungoja viatu vifuatwe. Alivipeleka mwenyewe, nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Mwalimu, nimekosea kumkaririsha?"

"Hujakosea. Majina ameshayapata, na hiyo ni kazi kubwa. Kilichobaki ni kumpa vitu vyenyewe."

"Nitampa vipi dunia nzima?"

"Mtoto anayeona hupewa picha. Wa kwako mpe kitu cha kushika. Anza na mambo mawili tu: nchi kavu na maji. Mtoto mdogo ukimrundikia yote siku moja, anarudi kwenye kukariri."

Mwalimu akaja naye mpaka nyumbani. Aliomba beseni la maji na mawe mawili mapana. Akayaweka mawe ndani, migongo yake ikiwa juu ya maji. Akaushika mkono wa Kasuku.

"Gusa. Hapa pana nini?"

"Maji."

"Na hapa?"

"Jiwe. Limekauka juu."

"Basi dunia iko hivyo. Sehemu kubwa ni maji. Nchi kavu zimejitokeza, kubwa na ndogo. Nchi kavu iliyo kubwa sana tunaiita bara. Mabara yako saba. Maji makubwa yanayoyazunguka tunayaita bahari kuu."

Vidole vya Kasuku vilizunguka jiwe la kwanza, vikapita majini, vikapanda la pili. "Kwa hiyo Asia ni jiwe?"

"Asia ni nchi kavu, kubwa kuliko zote. Watu wamejenga juu yake, wanalima, wanasoma."

"Wana mafundi viatu?"

"Kila penye miguu pana fundi viatu," alisema baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka.

Siku tatu zilizofuata, fundi alikata ngozi. Mwalimu alimletea ramani kubwa ya karatasi, naye akayafuatisha mabara kwa kisu, akayabandika juu ya ubao laini. Kila bara alilipa ngozi yake. Asia ngozi ngumu ya mabuti. Afrika ngozi ya mbuzi yenye manyoya mafupi. Antaktika ngozi ya bandia, laini na baridi ukiigusa, kwa sababu mwalimu alimwambia huko ni barafu tupu. Na kila penye jina la bahari alibandika alama ya uzi, kila bahari na alama yake.

Kasuku aliupokea ubao kama sahani ya moto. Alipapasa taratibu, baba yake akimweleza kila ngozi na kila alama, bara baada ya bara, akiyataja. Kisha mkono wake ukafika ukingoni, ukaning'inia hewani.

"Dunia imeisha," alisema. "Maji yanamwagikia wapi?"

Fundi alimtazama mwalimu, aliyekuwa amekuja kuuona ubao.

"Halafu, baba, Pasifiki umeiweka mara mbili. Iko mwisho wa kulia, na iko mwisho wa kushoto."

Fundi alikagua ramani ya karatasi. Kweli, jina lilikuwa pande zote mbili. Alikuwa amelinakili bila kujiuliza.

Mwalimu hakuona ajabu. "Watoto wanaoona nao hudhani hivyohivyo," alisema. "Tofauti ni kwamba hawaulizi. Mama Kasuku, una chungwa?"

Chungwa likaletwa. Mwalimu alimpa Kasuku alishike.

"Lina mwisho?"

Kasuku alilizungusha. "Halina."

Mwalimu akalimenya bila kukata ganda vipande, kisha akalitandaza ganda juu ya meza na kulikandamiza. Likapasuka hapa na pale. "Dunia ni mviringo kama chungwa. Ramani ya ukutani ni ganda lililotandazwa. Ni lazima lipasuliwe mahali. Aliyechora ramani hii amelipasua katikati ya Pasifiki, nusu ikaenda kulia, nusu kushoto. Bahari yenyewe ni moja."

Mama Kasuku, aliyekuwa amesimama mlangoni na kapu la nguo, aliliweka chini. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ziko mbili."

Fundi aliingia ndani. Wakasikia akivuta maboksi chini ya kitanda. Akatoka na mpira wa miguu wa zamani, umepasuka, umelegea kama embe bovu. Mteja aliuacha na hakurudi tena.

"Huu nao hauna mwisho," alisema.

Aliujaza matambara mpaka ukawa mgumu, akauziba, akaupaka rangi ya bluu ya viatu. Lakini mabara ya ubaoni yalikataa kuukaa. Antaktika, ambayo kwenye karatasi ilikuwa utepe mrefu chini kabisa, ilikunjamana kama sketi. Fundi alishona, akafumua, akashona, akafumua. Siku ya pili akausukuma mpira kando.

"Mwalimu, mpira unagoma."

"Haugomi. Umekata ganda, sasa unataka liwe chungwa." Mwalimu alikuwa ameazima ofisini kwao tufe la dunia, duara la plastiki lenye ramani kuzunguka, kubwa kiasi cha mpira ule. "Pima kwenye hili."

Fundi aliweka karatasi nyepesi juu ya tufe, akachora kila bara jinsi lilivyo. Antaktika ikawa kofia ya chini, mviringo. Aliona pia kosa jingine. Alikuwa ameikata Ulaya peke yake na kuitenga na Asia kwa nafasi ya kidole kizima.

"Hizi zimeungana," alishangaa.

"Zimeungana. Ni nchi kavu moja. Watu ndio walioipa majina mawili."

Basi akazishona zikagusana, ngozi ngumu kwa ngozi laini, ili kidole kijue penye kubadilika. Katikati ya mpira alizungusha uzi mnene kuonyesha ikweta. Na mahali wanapoishi wao alifunga fundo dogo, dogo kama punje ya mchele.

Kasuku alilipata fundo kabla hajaambiwa. "Hiki ni nini? Umesahau kukata uzi?"

"Hapo ndipo tulipo," alisema baba yake. "Mimi, wewe, mama na mtaa mzima."

Kasuku aliacha kidole pale muda mrefu. "Sisi ni wadogo," alisema mwishowe. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu aliyepewa anwani yake.

Tangu siku hiyo hawakukariri tena. Kila jioni walisafiri safari moja tu. "Toka kwenye fundo uende Australia. Utavuka nini?" Kidole kilitembea, mdomo ukajibu. Mama Kasuku naye akadai zamu yake. Alipotea mara mbili kwenye Atlantiki, wakamcheka.

Siku ya wazazi ilifika. Darasa lilijaa, wazazi wengine wamesimama madirishani. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi na mkewe alfajiri. Mpira ulikuwa ndani ya mfuko mapajani mwa Kasuku. Mwalimu wa darasa alikuwa ameuona asubuhi ile, akasema, "Sawa, nao utauonyesha mwishoni, nafasi ikipatikana."

Watoto walishika fimbo mmoja mmoja, wakaonyesha mabara kwenye ramani ya ukutani. Makofi yakapigwa. Ndipo mzazi mmoja, dereva wa malori, akanyoosha mkono.

"Nauliza tu. Mtu akitoka mwisho wa Asia, pale kulia, akaendelea kwenda mashariki, atafika wapi?"

Mtoto aliyekuwa na fimbo aliisukuma kulia. Ikatoka kwenye ramani, ikapita ukutani.

"Atafika dirishani," alijibu.

Watu wakacheka. Mwalimu wa darasa alifungua kinywa, lakini sauti nyingine ikatangulia, kutoka nyuma kwa waimbaji.

"Hafiki dirishani."

Kasuku alisimama. Aliutoa mpira, akaupapasa, akaweka kidole kwenye ukingo wa ngozi ngumu. "Hapa ndipo Asia inapoishia. Nakwenda mashariki. Haya yote ni maji, ni Pasifiki, ndiyo kubwa kuliko zote." Kidole kilitembea, mpira ukazunguka, watu wakainama mbele. "Bado maji. Bado maji. Sasa nimefika nchi kavu. Ni Amerika. Ya Kaskazini au ya Kusini, hiyo ni wewe na nahodha wako."

Dereva ndiye aliyeanza kupiga makofi. Fundi hakupiga. Mikono yake ilikuwa imemshika mkewe begani, na hakukumbuka kuitoa. Kiguu na Njia, kwenye benchi la mwisho, aliitikia kwa kichwa kidogo tu, kama mtu anayekagua mshono na kuukuta sawa.

Watoto waliacha viti. Wote walitaka kuugusa mpira. Mmoja alifumba macho, akapapasa, akasema Antaktika. Wengine nao wakafumba. Kasuku alisimama katikati akiwasahihisha. "Hiyo si Afrika, Afrika ina manyoya. Rudi nyuma. Umeshavuka bahari."

Baadaye mwalimu wa darasa alimfuata fundi uwanjani. "Nilimweka nyuma ili nisimtie aibu," alisema. "Kumbe nilimnyima tu."

"Hata mimi nilimkaririsha tu, mwalimu. Tumejifunza wote."

Mwalimu mkuu naye akaja, amefurahi. Alisema kazi nzuri kama ile iwekwe ofisini, ndani ya kabati la vioo, pamoja na vikombe vya michezo.

Fundi aliuangalia mpira mikononi mwa watoto. Alikuwa mtu mpole, asiyebishana na wakubwa. Siku hiyo alijikohoza.

"Samahani, mkuu. Huu umeshonwa ushikwe. Ubaki darasani. Ukifumuka, mimi nipo."

Ukabaki darasani. Mwalimu wa darasa alianza kufundisha akiwa ameushika, na ramani ya ukutani akaigeukia baadaye, watoto wakiwa wameshajua kwamba ni ganda lililotandazwa. Mpaka muhula unakwisha, manyoya ya Afrika yalikuwa yameanza kulika kwa mikono mingi. Australia ilibanduka mara mbili. Mara zote mbili fundi aliitwa, akakaa kwenye kiti kidogo cha darasa la kwanza, magoti yakimfika kidevuni, sindano mkononi, watoto wote wamemzunguka wakimwonyesha mahali pa kuishona.