Udongo Usiokauka

Siku ya tatu udongo ulikuwa bado mbichi.

Alwyn Thackray aliubonyeza kwa kidole gumba, pale kwenye meza yake ya kazi karibu na dirisha la jikoni, nao ukabonyea kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Ulikuwa na joto kidogo. Akajiambia ni unyevu wa Novemba, maana Nottingham mwezi huo hata taulo hazikauki, akasogeza kile kitako cha sanamu karibu na hita pamoja na askari aliyesimama juu yake, askari wa bati asiyezidi urefu wa kidole. Lakini moyoni alijua si unyevu.

Alwyn alikuwa fundi wa mabasi aliyestaafu, na kwenye kilabu cha wapaka rangi wa sanamu ndogo, waliokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, walimwita Fundi. Wenzake walinunua dukani udongo wa kutengenezea vitako vya sanamu. Yeye aliumba ardhi kwa takataka: majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, maganda ya mayai, vizibo vya chupa vilivyochongwa vikawa miamba, mchanga uliochujwa kwa soksi kuukuu ya mkewe, vyote vikishikwa na gundi nyeupe ya watoto wa shule. Kisha rangi nyeusi, kisha kahawia, na mwisho brashi kavu yenye rangi ya mfupa ikipita juu juu tu. Ukitazama ungeapa ni uwanja wa vita.

Jumamosi ile alikuwa ameahidi kuwafundisha. Asubuhi akakuta ndoo yake ya mchanga imenyeshewa, imekuwa tope. Watu kumi na mmoja walikuwa wanamngoja. Na kwenye kabati la chumba cha wageni kulikuwa na kopo la kijani lenye majivu ya marehemu Winifred, mama wa mkewe Noreen; walikuwa wakisubiri hali ya hewa itulie wampeleke baharini Mablethorpe kama alivyoacha wasia. Alwyn akachota vikombe viwili, akavichanganya na gundi na majani ya chai badala ya mchanga. Ukumbini watu waliupapasa udongo ule, wakasema hawajapata kuona ulaini wa namna hiyo, wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa kidogo kama mtu mnyenyekevu. Kila mmoja akaondoka na kikopo chake.

Siku hiyo ya tatu, Jumanne, Noreen alisimama mlangoni, kapu la nguo kiunoni, akinusa.

"Unapaka nini?"

"Rangi tu."

"Si rangi hiyo. Ni kafuri. Ile ya mama ya kujipaka kifuani." Akajifuta jicho, akacheka kidogo. "Nazeeka mimi. Nimemkumbuka tu."

Alwyn akainamia brashi yake. Hakuweza kumtazama.

Alhamisi adhuhuri simu ikalia. Ilikuwa ya Garth Ollerenshaw, mwokaji mikate, mwanachama wa kilabu tangu siku ya kwanza.

"Fundi, njoo kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Na usimwambie mtu."

"Kuna nini?"

"Njoo tu, mzee. Kipo jikoni. Mimi nipo nje bustanini."

Garth alikuwa ameuzuia mlango wa jikoni kwa kiti. Walipoingia, harufu ya kafuri iliwapiga puani, nzito kama chumba cha mgonjwa, na juu ya rafu, mbele ya dirisha lililojaa mwanga wa mchana, askari sita wa Garth walikuwa wamesimama kwenye udongo wa Alwyn, na udongo ule ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala chali, nao askari wakipanda na kushuka pamoja nao, na kutoka mle ndani, si kutoka ukutani wala kutoka nje, bali kutoka chini ya vile viatu vidogo vilivyopakwa rangi kwa brashi ya unywele mmoja, kikaja kikohozi kikavu ambacho Alwyn alikisikia kila alfajiri kwa mwaka mzima kupitia ukuta wa chumba cha wageni, kisha sauti ya mwanamke mzee ikauliza, "Noreen? Noreen, mwanangu, mbona mmeniacha kwa watu?"

Garth alimshika mkono. "Noreen si mkeo?" akanong'ona. "Huu udongo uliutoa wapi?"

"Mtoni," Alwyn akasema.

Udongo ukatulia.

"Alwyn," ile sauti ikasema, kwa namna ileile Winifred aliyozoea kulitamka jina lake kila alipomwona akiingia na viatu vyenye tope. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na masikitiko, na hayo ndiyo yaliyomshinda. Akatoka nje akatapika kwenye maua ya Garth.

Kabla ya saa kumi wengine wanne walikuwa wamempigia. Alwyn akaenda kwa Bi Gaynor Pryce, anayesemesha wafu katika kanisa dogo mtaa wa pili, akamweleza yote akitazama zulia.

"Unataka nimfukuze," Bi Gaynor alisema.

"Ndiyo."

"Aende wapi? Umemgawa nyumba kumi na moja na yako ya kumi na mbili. Haendi popote mpaka awe mzima. Utamkusanya wewe mwenyewe, na kila mlango useme ukweli. Na mwanawe ajue kwanza."

"Akijua ataniacha."

"Huenda," akasema, akimimina chai. "Sukari?"

Nyumbani Noreen alikuwa akimenya viazi. Alwyn alisema yote kwa mkupuo, akiwa amesimama. Kisu kikasimama.

"Vijiko vingapi?"

"Vikombe viwili."

"Kikombe gani?"

"Kile kilichovunjika mpini."

Noreen akaweka kisu mezani. "Hukutafuta hata kikombe kizima," akasema.

Walizunguka siku mbili. Noreen alikaa garini na kopo la kijani mapajani, naye Alwyn akabisha hodi mlango baada ya mlango na kusema, "Udongo niliokupa una majivu ya mama mkwe wangu. Nilijua. Naomba unirudishie." Mmoja alicheka hadi alipoona Alwyn hacheki. Mama mmoja aliyempenda sana Fundi alikwangua kitako chake kwa kisu cha siagi huku akilia, akamkabidhi kupitia ufa wa mlango bila neno. Katika nyumba ya nane walimwita mke wa mwenye nyumba aje amtazame. Kila kikopo kiliporudi, kikohozi kilipungua.

Mablethorpe kulikuwa na upepo mkali na watu wachache waliotembeza mbwa. Bi Gaynor, aliyefuatana nao, alisoma maombi yake, akamgeukia Alwyn.

"Mwambie."

"Hapa? Watu wanasikia."

"Ukumbini pia walisikia," Noreen akasema.

Akavua kofia. Akasema kwa sauti, mawimbi yakimlowesha viatu, "Mama, nilikuchukua ili nisifiwe. Nisamehe." Mtu mwenye mbwa alisimama, akatazama, akaendelea na safari. Noreen akamwaga. Madonge yenye gundi na rangi yakaelea kidogo, yakalainika, yakaenda. Harufu ya kafuri ikakatika ghafla, kama dirisha limefunguliwa.

"Ameondoka," Bi Gaynor alisema. "Hajambo."

Bi Gaynor alikuwa na dada yake pale mjini, akaagana nao ufukweni. Alwyn akamfungulia mkewe mlango wa mbele wa gari. Noreen akampita, akafungua wa nyuma, akaketi.

Alwyn akangoja kidogo huku akiushikilia ule mlango wa mbele, kisha akaufunga, akazunguka, akaingia upande wa usukani. Walikuwa na safari ya saa mbili.

"Washa taa," Noreen akasema. "Giza linaingia."