Pete Kwenye Bomba la Basi

Haya yalimkuta rafiki wa dada yangu, fundi cherehani, akisafirisha maiti ya mama yake kwa ndege. Alitaka jambo moja tu, wafike pamoja.

Uwanjani, geti la kuondokea lilibadilishwa, abiria wakapandishwa basi kuifuata ndege iliyoegeshwa mbali, katika giza la alfajiri. Fundi alishika bomba, hasikii uchungu wala baridi.

Ngo, ngo, ngo. Pete ikigonga chuma. Ndivyo mama yake, enzi za uhai wake, alivyomgongea dereva wa daladala kwa pete yake kila alipotaka kushuka.

Dereva akafunga breki. "Nani huyo? Hapa hakuna kituo, jamani!"

"Kuna anayeshukia sokoni," abiria mmoja akatania.

Fundi akachungulia nje. Kando ya njia, jeneza la mama yake lilikuwa limeachwa kwenye kigari cha mizigo, peke yake.

Akafungua mkoba. Pete ya mama ilikuwamo, imefungwa kwenye leso kama alivyoiweka. Ilikuwa na joto la kidole.