Siri Aliyofichwa Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia usufi uliotapakaa kwenye chumba cha mbele, akampelekea Bibi chai, kisha akakaa pembeni ya kitanda na kumsomea. Jina hilo la Chiriku alipewa na Bibi mwenyewe. Bibi alidai kwamba mtoto huyo alianza kusema kabla hajaota meno, na tangu siku hiyo hajapumzika hata kumeza mate.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya magodoro. Bibi alishona magodoro ya usufi kwa miaka mingi, mpaka vidole vyake vikawa vigumu kama kwato. Sasa Baba ndiye aliyeshika sindano, na Bibi alilala chumba cha pili, nyuma ya pazia, akisikiliza.

"We mwanangu!" alikuwa akiita. "Usufi huo hujauchambua. Nasikia mbegu zinagongana. Unataka mteja alalie njugu?"

"Nachambua, mama!" Baba alijibu, huku akirudia upya.

Masikio ya Bibi yalikuwa mazima, lakini macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho. Kwa hiyo Chiriku ndiye aliyekuwa macho yake. Alimsomea gazeti la juzi, maandishi ya kwenye pakiti za dawa, na hata matangazo aliyoyakariri njiani.

Kwa miezi mitatu Bibi alisumbuliwa na tumbo. Alikonda hadi pete yake ikawa inadondoka kidoleni. Jumatatu moja Baba na Mama walimpeleka hospitali kubwa. Waliporudi alasiri, macho ya Mama yalikuwa mekundu, na Baba hakuingia karakana. Alimwita Chiriku uani, nyuma ya nguo zilizoanikwa.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Daktari amesema ugonjwa wa Bibi umesambaa. Hauponi. Zimebaki wiki chache."

Chiriku alishika upindo wa shuka iliyoanikwa.

"Bibi hajui, na hatajua," Baba aliendelea. "Kwetu mgonjwa haambiwi. Ukimwambia mtu kwamba anakufa, umemzika kabla ya siku yake. Akikuuliza, ni vidonda vya tumbo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

Kesho yake asubuhi, chai ilikuwa haijapoa Bibi alipouliza, "Ile bahasha ya hospitali iko wapi?"

Chiriku aliitazama. Ilikuwa juu ya kabati. Alitamani kusema haioni, lakini Bibi alikwisha kunyoosha mkono kuelekea kabatini. "Nisikie daktari kaandika nini. Pale hospitali waliongea na baba yako tu, mimi wakaniacha kama mzigo wa kuni."

Chiriku alifungua barua. Iliandikwa kwa muuguzi wa zahanati ya mtaani: *Ugonjwa umesambaa. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuuponya. Apewe dawa za maumivu na atunzwe nyumbani.*

"Wanasema... ni vidonda vya tumbo, Bibi. Utumie dawa. Utapona."

"Hayo tu? Mbona karatasi ndefu hivyo?"

"Daktari ana mwandiko mkubwa."

Bibi alicheka kidogo, akashika tumbo. "Haya. Basi nitasubiri mvua zipite. Nikipata nguvu nitapanda basi nimfuate mdogo wangu. Tuna neno letu la kumaliza, mimi na yeye."

Chiriku hakuwahi kusikia kwamba Bibi ana mdogo wake. Lakini hakuuliza. Alirudisha barua kwenye bahasha, akatoka mbio kama aliyeiba.

Shuleni siku hiyo hakusikia lolote. Mwalimu alimuuliza swali mara mbili, naye akajibu kwa kutikisa kichwa. Wakati wa mapumziko, rafiki yake waliyezoea kumwita Mrefu alimsogelea.

"We Chiriku, leo umemeza kufuli?"

"Niache."

"Haya, nimekuacha." Mrefu alikaa papo hapo pembeni yake, wala hakuondoka.

Baada ya muda Chiriku aliuliza, "Babu yako alipougua, alijua kwamba haponi?"

"Alijua sana! Kwetu mgonjwa ndiye wa kwanza kuambiwa. Babu aligawa vitu vyake mwenyewe. Mjomba alipoanza kulia, Babu akamkaripia: 'Hebu subiri kwanza, bado nipo, nasikia!'"

Chiriku alicheka bila kupenda. "Hakuogopa?"

"Aliogopa," Mrefu alisema polepole. "Siku moja nilimkuta analia. Sikujua la kusema, nikakaa naye tu."

Alhamisi muuguzi wa zahanati alikuja na dawa za maumivu. Alikuwa mama mnene mwenye viatu vya mpira na sauti ya upole. Baada ya kumhudumia Bibi, alitoka uani na kumuuliza Baba, "Mgonjwa anajua nini kuhusu hali yake?"

"Hajui, na tusingependa ajue," Baba alisema. Chiriku alikuwa akiosha vyombo karibu na bomba. Alipunguza maji ili asikie.

"Kaka, mimi nimeingia nyumba nyingi," muuguzi alisema. "Kuna watu ambao kwao mgonjwa ni wa kwanza kuambiwa, na wengine ni wa mwisho. Wote wanapenda wagonjwa wao. Wapo wagonjwa wasiotaka kujua, na hao nao nawaheshimu. Ila mimi humuuliza mwenyewe: unataka kujua kiasi gani?"

"Dada, fanya kazi yako. Ya nyumbani tuachie sisi."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake na kuondoka.

Usiku ule na uliofuata Chiriku hakulala vizuri. Kila Bibi alipokohoa, yeye alishtuka. Bibi naye aliona mabadiliko. Jumamosi asubuhi alimshika mkono na kusema, "Chiriku wangu amekuwa bubu. Niambie, nani kakukata ulimi?"

Ili asijibu swali hilo, Chiriku aliuliza jingine. "Bibi, huyo mdogo wako mbona haji?"

Nyuma ya pazia Baba alikuwa akipiga usufi kwa fimbo, pu, pu, pu.

"Mama yetu alipougua mimi nilikuwa mbali," Bibi alianza. "Nilikuwa nimejifungua baba yako, ana wiki mbili. Mdogo wangu alijua mama haponi. Mimi akaniandikia kwamba mama ana homa kidogo, nisijisumbue. Nilipofika na mtoto mgongoni, kaburi lilikuwa limeota nyasi. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, 'Dada, nilikuonea huruma, ulikuwa mzazi.' Huruma gani hiyo, mjukuu wangu, ya kuninyima kumuaga mama? Nikamwambia nisimtie tena machoni. Sasa ni miaka arobaini na miwili."

"Bado umemkasirikia?"

"Hasira imezeeka kuliko mimi. Nikipona nitamfuata."

*Nikipona.* Neno hilo lilimchoma Chiriku kama shazia, ile sindano ndefu ya magodoro. Mvua zingekwisha baada ya miezi miwili. Bibi alikuwa na wiki chache. Aliyemfanya akae akingoja mvua ni yeye Chiriku, kwa kinywa chake mwenyewe. Alimfikiria Baba na amri yake. Kisha alimtazama Bibi, mikono iliyolegea juu ya shuka, na machozi yakamtoka.

"Bibi, ile barua sikuisoma ilivyo. Nilikudanganya."

Bibi hakushtuka. Alisema tu, "Kailete."

Chiriku aliisoma upya, neno kwa neno, mpaka mwisho. Alipomaliza hakuthubutu kuinua uso.

"Mwenye nyumba haambiwi kwamba paa linavuja," Bibi alisema hatimaye. "Matone yanamwangukia yeye."

"Ulijua, Bibi?"

"Nilihisi. Lakini kuhisi siyo kujua. Kila nilipotaka kuuliza, mama yako aligeuza uso na baba yako akaanza habari za wateja. Nikaona nisiwasumbue." Alipapasa shuka akitafuta mkono wa Chiriku. "Naogopa, mjukuu wangu. Sogea hapa."

Chiriku alisogea. Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha Bibi alijifuta uso kwa upindo wa kanga na kusema, "Haya. Niitie baba yako."

Baba aliingia na usufi kwenye nywele. Alipoiona barua wazi juu ya kitanda, alimgeukia Chiriku. "Umefanya nini? Nilikwambia nini mimi?"

"Usimguse," Bibi alisema. "Nilimuuliza mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ajabu ya humu ndani, maradhi ni yangu na wafichaji ni nyinyi! Mwanangu, unajua kwa nini sisemi na mama yako mdogo?"

Baba alijua kwamba ana mama mdogo asiyetajwa, lakini hakuwahi kuambiwa sababu. Bibi alimweleza. Baba alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini sakafuni, kichwa mikononi.

"Mtafute," Bibi alisema. "Siyo baada ya mvua. Leo."

Baba alipiga simu kwa ndugu mmoja, akaelekezwa kwa mwingine, na jioni namba ikapatikana. Mama mdogo alisema angepanda basi la alfajiri. Ilikuwa safari ya siku mbili.

Siku hizo mbili zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Jumapili Bibi hakula kitu. Jumatatu alilala karibu kutwa nzima, na alipoamka aliuliza swali moja tu: "Kafika?" Jioni ilikuja habari kwamba mvua imeharibu barabara na mabasi yamekwama. Chiriku alienda kusimama uani nyuma ya nguo, akilia kimyakimya. Muuguzi, aliyekuja kuongeza dawa, alimkuta hapo.

"Baba alisema kweli," Chiriku alisema kwa kwikwi. "Nimemzika kabla ya siku yake. Tangu nimwambie amezidiwa."

Muuguzi alichuchumaa mbele yake. "Niangalie. Barua ile iliandikwa kabla hujaisoma, sivyo? Ugonjwa ulikuwa njiani kabla ya maneno yako. Mwanangu, maneno yako hayakumwongezea ugonjwa. Yamempa kitu cha kungojea."

Jumanne saa tisa alasiri, bibi mmoja mfupi alisimama mlangoni pa karakana. Viatu vyake vilijaa tope na begi lake lilifungwa kwa kamba. Uso wake ulikuwa uso wa Bibi, isipokuwa ulikuwa mdogo kidogo. Chiriku hakuhitaji kuuliza. Alimshika mkono na kumpitisha kati ya magunia ya usufi, hadi nyuma ya pazia.

"Dada," alisema yule mgeni.

Bibi alifumbua macho yasiyoona vizuri. "Umechelewa."

"Barabara, dada. Mvua..."

"Miaka arobaini na miwili, mvua tu?"

Mama mdogo alipiga magoti pembeni ya kitanda. "Nilikuonea huruma. Nilikosea, lakini ilikuwa huruma."

"Najua," Bibi alisema. "Na hawa wa humu ndani wamenionea huruma hiyohiyo juzi. Nimeionja. Chungu kama shubiri, lakini huruma ni huruma. Njoo karibu, nikushike hicho kichwa chako kigumu."

Walilia wote wawili, kisha wakacheka, kisha wakaanza kubishana ni nani aliyevunja mtungi wa mama yao. Kwa siku tisa nyumba haikuwa kimya. Bibi alimwomba Mama msamaha kwa maneno makali ya zamani, alimwonyesha Baba kwa mikono jinsi ya kukaza pembe za godoro, na maumivu yalipozidi alimwita muuguzi bila kujificha. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, alivuta pumzi moja ndefu na hakuvuta nyingine. Mdogo wake alikuwa ameshika mkono mmoja, na Chiriku mwingine.

Watu walijaa uani siku ile. Wengine walilia kwa sauti mpaka wakashikiliwa, wengine walikaa kimya wakitazama chini. Mrefu na mama yake walikuja na kufua shuka zote bila kuombwa. Chiriku alitazama kila mmoja, akitafuta namna iliyo sahihi ya kuomboleza, mpaka machozi yakamjia yenyewe bila kumuuliza.

Wiki moja baadaye, Baba alimkuta akifagia karakana. Akaketi juu ya gunia na kumwita.

"Uliniasi," alisema. "Ungekuja kwangu kwanza."

"Ungenikataza, Baba."

Baba alifikiri. "Ni kweli, ningekukataza. Nilidhani nikimficha mama yangu nimembebea mzigo. Kumbe nilimwachia aubebe peke yake, mimi nikiwa hatua tatu tu kutoka alipolala. Kusema uongo kwa ajili ya mtu tunayempenda bado ni uongo, mwanangu, na unakula siku zake. Usiurithi kwangu."

"Na kama mgonjwa hataki kujua?"

"Basi usimlazimishe. Lakini akikuuliza, mwambie kweli, kwa upole, na usimkimbie baada ya kumwambia." Baba aliutazama usufi viganjani mwake. "Na mimi siku yangu ikifika, usiamue kwa niaba yangu. Niulize. Nikitaka kujua, niambie. Nikisema sitaki, nishike mkono tu."

"Nitakuuliza, Baba," Chiriku alisema.