Mwanamke Nyuma ya Nguzo

Declan hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameketi kwenye baraza ya vibanda vya wageni, kikombe cha kakao mkononi, kompyuta mezani, akamwita Fuatino, mhudumu wa hapo, kama mtu anayetaka kuongezewa sukari.

"Dada, njoo kidogo. Huyu nyuma ya nguzo ni nani?"

Fuatino alikuja akifuta mikono kwenye lavalava yake, shuka ya kiunoni. Filamu yenyewe alikuwa ameitazama mara nyingi kuliko alivyofungua Biblia, jambo ambalo mchungaji asingependa kulisikia. *Chumvi ya Jumapili* ilipigwa papa hapa kijijini, mwaka juzi. Hakuna anayesema neno. Kwa muda mrefu ni upepo mtupu, kisha familia inakaa ndani ya nyumba isiyo na kuta na kusali, halafu mwanamke anajitwika mkeka mkongwe, anaingia nao baharini, anauachia uende. Basi. Watu wa Sydney walilia machozi. Tangu hapo mashabiki wanamiminika kisiwani kwetu Savai'i na mabegi mgongoni, wanatafuta maana.

"Mimi nasema mkeka ni ngozi," Declan alisema. Alikuwa ametoka Melbourne kwa ajili hiyo tu. "Kuna jamaa wa Perth anasema ni lugha inayokufa. Mwingine anasema ni wakoloni. Tumebishana mtandaoni mpaka tumetukaniana mama."

"Labda ni mkeka tu."

"Wewe! Usiniharibie likizo." Alicheka, kisha akasogeza kompyuta. "Lakini wanaosali tumewahesabu tangu filamu itoke. Ni watano. Jana ndiyo nimemwona wa sita. Tazama mwenyewe."

Nyuma ya nguzo ya mwisho alikaa mwanamke aliyewapa watu mgongo. Nywele za mvi zimefumuka, mabega wazi, la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Fuatino alilijua bega lile. Alikuwa amelipaka mafuta ya nazi kwa mkono wake mwenyewe kabla jeneza halijafungwa.

"Mpita njia tu huyo," alisema.

Shangazi Moelagi, dada wa baba yake, alisuka mkeka wake tangu usichana, ukili mwembamba kama uzi, laini hata unaweza kuukunja ukaingia kapuni. Alichotaka ni kimoja: azikwe amelala juu yake. Na kwetu neno la dada ni zito kwa kaka yake, na laana ya shangazi inaogopwa kuliko kimbunga. Alipofariki, kazi ya kuutandika jenezani alipewa Fuatino. Wiki ile ile, yule Mzungu mwenye filamu alikuwa anahangaika kutafuta mkeka mkongwe wa kweli, mikeka ya sokoni hataki hata kuiona, na Fuatino alikuwa mkalimani wake. Mzungu akamwahidi, akimletea mkeka, kuliweka jina lake kwenye skrini, miongoni mwa waliotengeneza filamu. Basi chini ya shuka jenezani Fuatino akatandika jamvi la jikoni, akajiambia maiti hasikii baridi. Mkeka ulipigwa picha mara moja tu, wimbi likaenda nao. Na jina lake likapita kwenye skrini mbio mbio, wala hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia amelisoma.

Jioni ile baragumu la sala lilipolia, kijiji kizima kiliingia majumbani. Baba yake, Mzee Sooalo, alianza kuimba, akakatiza katikati.

"Nani anachemsha majani ya mkadi saa hizi?" alinong'ona.

Hakuna aliyekuwa anachemsha. Lakini harufu ilikuwapo, ile harufu tamu nzito ya majani ya kusukia yakitokota, na chini ya harufu kukawa na sauti, kwaru, kwaru, kama kombe la chaza likiparuza ukili kuulainisha, na sauti ilitoka nyuma ya nguzo ya mwisho, mahali ambapo Fuatino hakutaka kutazama, akainamisha kichwa na kusali maneno ambayo hakuyasikia mwenyewe, mpaka alipomwona baba yake, mtu mzima aliyekaa kwenye joto la kukausha samaki, anatetemeka meno yakigongana.

"Mgongo wangu," mzee alisema. "Kama nimelazwa juu ya udongo."

Siku zilizofuata hakupata joto. Blanketi, chai ya tangawizi, dawa za zahanati, bure. Akaitwa Mama Vaiolo, mganga wa maradhi ya aitu, ndio hao majini wa kwetu. Alimkanda mzee mgongo kwa majani na mafuta mchana kweupe, kisha akainamia sikio lake.

"Wewe uliyemkalia, nani wewe? Unataka nini?"

Mdomo wa mzee ulifunguka, na iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamke, dhaifu, isiyo na hasira hata kidogo. "Nina baridi. Muulizeni Fuatino. Yeye ndiye alinitandikia."

Mama Vaiolo alimtazama Fuatino. Mzee alipozinduka aliuliza, "Amesema nini dada yangu?"

"Hakusema kitu, Baba," Fuatino alijibu upesi, na pale pale akajichukia.

"Basi nimemkosea mimi, sijui kwa lipi." Mzee alijikongoja kuketi. "Kesho nitafanya ifoga kaburini kwake. Nitajifunika mkeka, nikae alfajiri nzima mbele yake kama mkosaji, mpaka anisamehe. Mkuu wa ukoo ndiye anayebeba."

"Utakufa na baridi hiyo!" Mama Vaiolo alisema, lakini macho yake yalikuwa kwa Fuatino.

Fuatino alitaka kusema kweli, asiweze. Akamwona baba yake anatafuta fimbo kwa mikono inayotetemeka, anajiandaa kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Hapo moyo ukamshinda.

"Baba, usikae. Aliyemkosea ni mimi." Akasema yote: jamvi, Mzungu, jina, wimbi.

Mzee hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Ulimwambia nini ulipofunga jeneza?"

"Nilimwambia alale salama."

"Katoe mkeka wangu sandukuni," mzee alisema. Ulikuwa mkeka wake wa kuzikiwa yeye.

Alfajiri Fuatino aliketi mbele ya kaburi, pale uani mbele ya nyumba, mkeka umemfunika kichwa hadi magoti. Majogoo waliwika, watu wakakusanyika kimya, jua likapanda na kuuchoma mkeka juu yake, ila ubavu wake wa kushoto ulikuwa unapoa, ukapoa zaidi, mpaka akajua kuna mtu ameketi naye chini ya mkeka ule ule, bega limegusa bega, bega lililoshuka, nywele zenye udongo zikimpapasa shingoni, na akataka kupiga kelele ila sauti haikutoka, akabaki anasema moyoni nisamehe, Shangazi, nisamehe, nisamehe, bila kujua kama anaomba au analia.

Mkeka ukafunuliwa. Baba yake alikuwa amesimama juu yake bila fimbo.

"Inuka, mwanangu," alisema, na mkono aliompa ulikuwa na joto.

Mkeka ulizikwa ubavuni mwa kaburi. Mama Vaiolo alimimina mafuta, akasema, "Umeshapata tandiko lako. Lala sasa." Watu walikula magimbi na nguruwe, mzee akala kuliko wote.

Wiki haikuisha Declan akaja mbio, peku. "Dada, ametoweka! Nyuma ya nguzo hakuna mtu! Jamaa wa Perth amechanganyikiwa. Sasa tunasema filamu nzima inahusu msamaha."

"Inawezekana," Fuatino alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka kwa dhati.

Alikuwa ameanza kumsukia baba yake mkeka mwingine, maana mzee hakubaki na wa kuzikiwa. Kazi hiyo hula miaka, naye alitaka ichukue mingi. Kila mchana alisuka kidogo tu, kwa makusudi, baba yake asije akauhitaji mapema. "Polepole, binti," mzee alimtania. "Sina safari karibuni."

Mchana mmoja alirudi kutoka vibandani, akakuta mkeka umeongezeka. Aliushika. Upande wa pili, ambao yeye hakuwa ameugusa, ukili ulikuwa mwembamba kama uzi. Aliufumua wote, akatupa vipande motoni. Kesho yake vilikuwa vimerudi, virefu zaidi, na nyumba ilinuka majani ya mkadi.

Alikuwa bado amepiga magoti pale, anafumua, anafumua, baba yake alipoingia kutoka shambani, jua kali nyuma yake, shati amelizungushia mabegani.

"Fuatino, mwanangu," alisema, "teremsha hizo chiki, hayo mapazia ya makuti. Kuna baridi humu."