Kengele Isiyopokelewa

Walikutana kwenye duka la dawa, siku wanaume wawili walipokunjana mashati wakigombania foleni. Fundi wa programu akajitia kuamua, akala ngumi ya pua. Muuza dawa, binti wa gauni jekundu na koti jeupe, akamziba kwa pamba.

"Shujaa, nani kakutuma?"

"Macho yako, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Tulia nisikubane zaidi!"

Basi, moto ukawaka. Fundi alikuwa akiiandikia kampuni ya walinzi seva, programu ya kupokea maombi, kwa lugha ya Java. Mwenye duka akibonyeza kengele kwenye simu, ombi lenye mahali alipo huingia kwenye seva, nayo hulikabidhi kwa methodi inayolihusu, kipande cha programu cha kuwatuma walinzi. Dukani kwa mpenziwe kengele ikawa ya kwanza kuwekwa.

Majambazi wakaingia mchana kweupe. Binti akabonyeza, akabonyeza. Kimya. Rungu likamvunja mkono, vioo vikammwagikia mabegani.

Akampigia fundi simu kwa mkono mzima. "Nilikuita!"

"Laazizi, sikupata..."

"Nakufa nawe umeninyamazia! Usinitafute tena."

Fundi akaifungua kazi yake. Kitendawili: mwenye nyumba yumo ndani, mgeni anabisha, anajibiwa hakuna mtu. Mmeshindwa? Ni methodi isiyo na alama juu yake, ile inayoiambia seva, "Ombi hili mpe huyu." Methodi ya msaada aliiandika vizuri, alama akaisahau. Na alipoijaribu, aliiita mwenyewe moja kwa moja bila kupitia seva, ikaitika. Akaridhika, maskini!

Akatia alama, akakimbilia kwa akina binti. Mlangoni kaka mtu akampokea kwa makofi.

"Shemeji, piga, ila nisikilize!"

"Shemeji wa nani?" Teke la mbavu. Akamkaba koo.

Binti akatoka, mkono umefungwa plasta ngumu.

"Ombi lako lilifika, mpenzi," fundi akakoroma, damu mdomoni. "Mimi ndiye sikuiambia seva impe nani. Nimerekebisha. Nisipokuwa mkweli, mwache aniue."

Binti akatoa simu, akabonyeza kengele kwa kidole gumba cha kushoto, akasubiri.

Breki zikalia nje. Walinzi wakaingia na virungu, wakamwona mtu kamkaba mwenzake. Wakambwaga kaka mtu kifudifudi, goti mgongoni.

"Imeitika," binti akasema, machozi yakimtiririka.

"Imeitika, laazizi."

"Basi njoo unioe. Ila kwanza waondoe watu wako juu ya kaka yangu."