Kigurudumu cha Uzi wa Tatu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya maua ya vilua. Sasa niambieni nyie, Nizwa na vilua wapi na wapi? Huku Omani tuna mitende, tuna vumbi, tuna maji ya waridi yanayoteremshwa kwa chupa kutoka Jabal Akhdar. Kilua tulikiacha Unguja, na waliokijua wanakihadithia tu. Lakini mchana ule Tufool alipofungua mlango akitoka kazini, harufu ilimpokea ukumbini, kana kwamba mwanamke mwenye kikuba cha maua kifuani kapita hapo sasa hivi. Aliyependa vilua nyumba ile alikuwa mama yake, Bi Kaltham, na Bi Kaltham yumo kaburini tangu Mfungo Mosi.

Chumbani gitaa lilikuwa linalia. Uzi mmoja tu, polepole.

"Baba?" aliita Tufool.

"Niko bafuni, mwanangu! Natia udhu!"

Uzi ukanyamaza.

Gitaa lenyewe si la kupakata. Husimama kwa miguu yake kama meza, lina nyuzi kumi, na chini lina pedeli kama za cherahani. Mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na sauti hupanda na kushuka kama mtu anayelia hataki kusikika. Mzee Muhanna, baba yake Tufool, alikuwa fundi wa mitambo huko kwenye visima vya mafuta, na Mmarekani mmoja aliyekuwa anarudi kwao ndiye aliyemuuzia. Jioni alikuwa akilipiga na mkewe akiimba. Na kuimba alikuwa akijua, maskini ya Mungu, hata majirani wasiofahamu neno la Kiswahili walikuwa wakipunguza televisheni.

Mwaka aliougua Bi Kaltham gitaa nalo lilikuwa bovu, na nani angelishughulikia? Alipokwisha zikwa, mzee alilifumua lote, akatandaza vipande vyake juu ya shuka kitandani, upande aliokuwa akilala mkewe. Springi alizipata kwenye makufuli mabovu. Vyuma vyembamba vya kuvutia nyuzi alivitengeneza kwa spoki za baiskeli. Funguo za skrubu zake ni za inchi, na maduka yote ya Nizwa yanauza za milimita, basi akaendesha gari mpaka Sur akazikuta kwa fundi wa mashine za boti. Kikabaki kitu kimoja: kigurudumu kinachokaa chini ya uzi wa tatu, kidogo kama punje ya mbaazi, chenye mfereji wa kupitia uzi. Kiliagizwa ng'ambo, hakikufika. Kikaagizwa tena, wapi!

"Nikilisikia mara moja tu, nitalala," mzee alikuwa akisema, na macho yake mekundu.

Tufool alikuwa na liwazo lake. Simuni mwake mlikuwa na ujumbe wa sauti wa mama yake, na kila asubuhi, kabla hajatia gari moto, aliusikiliza: "Tufool, ukipita dukani nchukulie iliki. Usikawie, baba yako anangoja chai." Nyuma yake kijiko kinagonga kikombe, na baba anakohoa. Hicho tu, na kilimtosha. Lakini baba, yeye alikuwa na nini?

Kwa huruma hiyo alifungua kibati cha mama, akatoa pete nene ya fedha asiyoijua, akaipeleka sokoni kwa Shihab, mfua fedha, amfulie kigurudumu kile. Fedha nyingine angeweza kununua. Alitaka kitu cha mama kiwemo ndani ya gitaa.

Shihab aliigeuza pete. "Bint, hii ina maandishi ndani. Niiyeyushe kweli?"

"Iyeyushe."

Laiti angeuliza! Lakini watoto wa siku hizi wataulizaje wasichoambiwa?

Siku Tufool alipokitia kigurudumu mahali pake, mzee alikaa, akavaa kucha zake za chuma, akapiga. Uzi wa tatu ukaimba. Haukulia kigitaa, uliimba kwa koo la Bi Kaltham, na ule mkwaruzo wake mdogo pale anapovuta pumzi. Mzee akainamisha kichwa akalia kama mtoto, na Tufool mlangoni naye akalia, na kusema kweli ilikuwa furaha.

Furaha gani hiyo! Baada ya hapo ndipo vilua vilipoingia nyumbani. Mzee akaacha kula. Akaacha kwenda Ijumaa. Vidole vikachubuka, damu ikakauka juu ya nyuzi, naye bado anapiga, na mchana wa jua kali, saa ambayo Nizwa nzima imefunga madirisha imelala, Tufool alikuwa akisikia kupitia ukutani uzi ukitamka maneno, mwanzo jina la mzee, kisha maneno ya kitandani ambayo mtoto hafai kuyasikia, kisha sauti ile ile ya mama yake ikisema taratibu, bila haraka, kama mtu anayemwita mwenziwe aingie ndani kabla mvua haijanyesha: "Njoo, Muhanna. Kumebaki kidogo. Njoo." Na baba akijibu: "Naja."

Tufool aliendesha mpaka Ibra akamleta Bi Rumaitha, shoga wa mama yake tangu Unguja. Bibi alifika ukumbini, akanusa, akakaa chini palepale.

"Pete ya Kaltham iko wapi?"

Tufool akamwambia.

"Ee Mola wangu! Mmeitia motoni?" Bibi alijipiga kifua. "Ile ilikuwa ya ruhani wake, jini aliyekuwa naye, we mtoto. Alivishwa usichana wake, akaificha huku kwa kuona haya watu. Mwenye pete akifa, pete huogeshwa maji ya waridi, ikarudishwa baharini. Mimi nilidhani imerudishwa!"

"Sikujua, bibi. Sasa tufanyeje?"

"Aliyekitia akitoe. Lakini nisikilize. Kabla ya pete ile Kaltham hakuwa na sauti ile mliyomjua nayo. Huyo akiondoka, ataondoka na chake."

"Na aondoke nacho," Tufool alisema. "Baba anakwisha."

Waliingia adhuhuri. Bibi akafukiza udi na ubani, akasoma Ayatul Kursiy. Mzee, mifupa mitupu, alilikumbatia gitaa. "Mama yako karudi, na wewe unamtoa? Tufool? Mwanangu wewe?"

"Nisamehe, baba."

Alitia ufunguo wa inchi. Hakuna aliyeugusa uzi, lakini ulisema.

"Tufool. Usinitoe, mama. Huko kuna giza."

Sauti ilikuwa yenyewe, yenyewe hasa! Akageuza ufunguo huku akipiga mayowe, uzi ukalegea, kigurudumu kikamdondokea kiganjani, cha moto. Bibi akakizamisha kwenye bakuli la maji ya waridi. Maji yakachemka, vilua vikanuka mara moja kwa nguvu, kisha nyumba ikanuka vumbi.

Jioni ile ile Bi Rumaitha alipelekwa Sur, akakitupa baharini mwenyewe.

Mzee alilala. Alipoamka aliomba uji, akaunywa wote. Tufool alikaa karibu yake anamfuta mdomo.

"Umefanya vyema," mzee alisema. "Yule hakuwa yeye. Hebu nitilie ile ya iliki, ya kwenye simu. Ile ndiyo Kaltham wangu hasa."

Tufool akaibonyeza. Kijiko kiligonga kikombe. Mtu akakohoa mle simuni, naye ni mzee mwenyewe. Kijiko tena. Kisha ikaisha.

Akairudia. Kijiko. Kikohozi.

Mzee alisogeza sikio karibu na simu, anatabasamu, anangoja.

"Iongeze, mwanangu," alisema. "Sijamsikia bado."