Pointi za Wawili Hazigawanywi

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaolelewa, habari hii ya nyumba ya Theuri nawaomba muisome polepole. Inaweza kuwa ya nyumba yoyote yenye mtoto wa kipawa.

Asubuhi za Jumamosi pale kwa Theuri, chini ya soko la Kiriaini, zilikuwa za kupendeza. Ng'ombe amekwisha kukamwa, moshi wa jikoni unapanda taratibu, na mama wa nyumba, Murugi, anachagua maharagwe kwenye ungo. Katikati ya ua kamba ya nguo imefungwa kutoka kwenye mti hadi kwenye nguzo ya zizi. Upande huu amesimama Tabby, upande ule Anita, kila mmoja na raketi yake, na kile kinyoya cheupe kinaruka juu ya kamba kama ndege asiyejua pa kutua.

"Wewe Tabby, hiyo mkono yako imelala ama?"

"Imelala kwa sababu unapiga kama mtu anafukuza inzi!"

"Subiri basi nikuamshe."

Na Murugi anapiga kelele kutoka jikoni, "Mkiangusha hiyo kitu kwa maharagwe yangu, leo mtakula manyoya!"

Tabby alikuwa binti ya Theuri. Anita alikuwa mtoto wa marehemu Ngendo, dada yake Theuri, na aliletwa hapo akiwa na miaka mitano. Wasichana hao walilala kitanda kimoja, wakavaa viatu kwa zamu, na wote wawili wakafundishwa mpira wa vinyoya, yaani badminton, na Mwalimu Saumu, mama wa Majengo, Nyeri mjini. Walicheza wawili wawili, upande mmoja wa wavu, na walipofika miaka ishirini na kidogo hapakuwa na jozi ya kuwashinda katika nchi hii.

Ndipo ukaja mwaka wa kutafuta nafasi ya Olimpiki. Mwalimu Saumu aliwaketisha chini, akawaeleza.

"Sikilizeni, wanangu. Kuanzia Mei mpaka mwisho wa Aprili, kila mashindano ya nje mnayocheza yanawapa pointi. Jozi ya Afrika yenye pointi nyingi kuliko zote, hiyo ndiyo inaenda. Ni jozi moja tu. Kwa hivyo kila safari ni muhimu, hata ile isiyo na pesa."

Kufikia Desemba walikuwa wamecheza Kampala, Lusaka na kwingineko, na majina yao yalikuwa ya kwanza kwenye orodha. Jozi ya pili ilikuwa ya Shiku, binti ya tajiri mmoja wa Nanyuki aitwaye Moffat, pamoja na mwenzake. Tabby aliitazama orodha ile kwenye simu kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Alitaka kitu kimoja tu maishani: aingie kwenye uwanja ule mkubwa wa dunia, na Anita awe kando yake.

Sasa, pesa za zawadi hazikuwa nyingi. Lakini zilikuwa dola, na neno dola lilimpanda Theuri kichwani kama homa. Alizipokea yeye, akaziweka yeye. Wasichana hawakuuliza, maana baba ni baba. Baadaye akaanza kunung'unika kwamba Mwalimu Saumu anatoa fungu la kununulia vinyoya.

"Ati vinyoya! Huyo mama anafuga bata na pesa yetu?" alisema. Akamkataza asikanyage tena kwake.

Tabby alinyamaza. Na hapa niseme, huko kunyamaza ndiko kulikofungua mlango.

Siku moja ya Januari Tabby alirudi kutoka sokoni akakuta alama za gari kubwa kwenye matope ya lango. Alipoingia chumbani, upande wa Anita wa kitanda ulikuwa umetandikwa vizuri sana, kama kitanda cha mgeni aliyeondoka. Raketi haikuwepo ukutani.

"Baba, Anita yuko wapi?"

Theuri alikuwa anakunywa chai. Hakuinua macho. "Ameenda Nanyuki. Kwa klabu ya Moffat."

"Kufanya nini?"

"Kucheza na watu wakubwa. Amesema hapa anarudishwa nyuma. Amesema amechoka kukubeba."

"Anita alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Unataka nikuletee na barua? Mwache. Usimpigie simu, usijishushe. Mtoto wa dada yangu ameonyesha rangi yake."

Ndugu msomaji, kuna maumivu ambayo mtu hawezi kuyalilia mbele ya watu. Tabby alikwenda nyuma ya zizi akaketi juu ya kigogo, na hakuweza hata kulia. Alikumbuka homa iliyomshika Anita kule Lusaka, alivyomshikia kikombe mdomoni usiku kucha. Akasema moyoni, kumbe nilikuwa mzigo. Akafuta namba ya Anita kwenye simu. Mashindano ya Januari yakapita, ya Februari yakapita, ya Machi nayo yakapita. Tabby alichuma kahawa, akaacha kuitazama orodha.

Jumapili ya kwanza ya Aprili, mvua ikiwa imeanza, Mwalimu Saumu aliingia langoni bila kualikwa, buibui limelowa, simu mkononi.

"Baba Tabby, nimekatazwa hapa, najua, ndiyo maana sijaja miezi yote hii. Utanifukuza nikimaliza. Tabby, mbona mmekosa mashindano matatu? Mko wa pili sasa! Shiku na mwenzake wamewapita!"

Tabby alishtuka. "Shiku na mwenzake? Si Shiku anacheza na Anita?"

"Nani amekuambia? Shiku anacheza na mwenzake yule yule wa zamani. Anita hajacheza popote tangu mwaka uanze."

Wote wakamgeukia Theuri.

"Alikuja yeye mwenyewe, huyo Moffat," Theuri akasema hatimaye. "Alisema nimpe Anita, na kila mwezi atanitumia kitu. Si nimemtafutia mtoto maisha? Nikamuuliza, na pointi? Akaniambia, pointi ni zao mzee, nani anaweza kuwanyang'anya?"

"Na wewe ukaelewa nini?" Mwalimu akauliza.

"Nikaelewa vile mtu yeyote ataelewa! Ukipeleka kahawa kiwandani inapimwa, inaandikwa kwa kadi yako. Ukihama na ndugu yako, kila mtu anaenda na kilo zake. Anita akienda na nusu, Tabby anabaki na nusu. Akipata mwenzake mwingine anaongezea hapo."

Mwalimu Saumu alijishika kichwa. "Lahaula! Baba Tabby, hakuna kadi mbili. Ni kadi moja, imeandikwa majina mawili. Wakiachana, kila mmoja anatoka mikono mitupu. Moffat anajua hivyo. Hakutaka Anita acheze. Alitaka Anita *asicheze*, ili binti yake apite. Umemuuzia ng'ombe wa maziwa mtu mwenye bucha."

Murugi, ambaye tangu zamani hakupenda kubishana na mume wake, aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika.

"Theuri," alisema, na hakuwa amemwita kwa jina kwa miaka ishirini, "Ngendo alipokuwa anakufa alikuambia nini juu ya huyu mtoto?"



"Mwalimu," Tabby alisema, sauti yake imekauka, "bado kuna nafasi?"

"Ipo moja. Pointi zenu za zamani hazijafutwa, zinawangoja mkiwa pamoja. Mwisho wa mwezi huu kuna mashindano Kampala. Majina yanafungwa keshokutwa. Mkifika fainali, mnawapita."

Kesho yake Tabby alikuwa Nanyuki. Alimkuta Anita nyuma ya hoteli ya Moffat, ndani ya ukumbi wa mazoezi, akikunja taulo. Amekonda. Mkononi alikuwa na malengelenge, maana kazi yake ilikuwa kumrudishia Shiku vinyoya kutwa nzima ili Shiku afanye mazoezi.

"Umekuja kuona kama yatima ameshiba?" Anita aliuliza.

"Nimekuja kukuuliza kwa nini ulisema umechoka kunibeba."

Taulo ilianguka. "Mimi? Wewe ndiye ulisema umechoka kula na mtoto asiye na baba! Anko aliniambia unaona haya kunifukuza, ati niondoke tu kabla hujarudi kutoka sokoni, nisikuaibishe."

"Anko alisema hivyo?"

"Kwa chai yake mkononi."

Walitazamana. Mtu angetarajia wakumbatiane, lakini hawakukumbatiana. Tabby alikaa kwenye benchi, Anita akakaa mwisho mwingine wa benchi hilo hilo.

"Mbona hukunipigia simu?" Tabby akauliza.

"Na wewe mbona hukunipigia?"

Moffat alipoingia na kusikia kwamba Anita anaondoka, hakukasirika. Alicheka tu. "Nendeni, wasichana. Miezi mitatu bila kucheza! Hiyo Kampala mnaenda kutalii."

Majina yaliandikwa Jumanne, saa moja kabla ya kufungwa. Theuri alitaka kuwapa nauli, lakini Murugi ndiye aliyewapa, kutoka kwenye chama chake cha wanawake. Wakafanya mazoezi siku kumi na nane katika ukumbi wa Nyeri, asubuhi na jioni, na Mwalimu Saumu akiwapigia kelele mpaka sauti ikamkauka. Mikono ilirudi. Miguu nayo ikarudi. Kitu kimoja tu hakikurudi, na hakuna aliyekitaja.

Kule Kampala walishinda mchezo wa kwanza, wakashinda wa pili, wakashinda na wa tatu. Wakafika nusu fainali. Mshindi huko angeingia fainali, na nafasi ya Olimpiki ingekuwa yao. Kiriaini nzima ilikuwa imeinamia simu. Theuri alikuwa amejitenga peke yake chini ya paa la zizi, akisikiliza kelele za majirani bila kuthubutu kutazama.

Seti ya kwanza waliishinda. Ya pili wakapoteza. Ya tatu ilikwenda bega kwa bega mpaka wapinzani wakawa na ishirini, pointi moja tu kabla ya ushindi, na wao kumi na tisa.

Kinyoya kilikuja juu, polepole, kikishuka katikati kabisa ya Tabby na Anita. Hakikuwa kigumu. Mtoto wa darasa la nne angekirudisha. Katika mchezo wa wawili, pale katikati ni pa wote wawili. Mmoja huenda na mwingine humwachia, na hakuna anayeuliza. Tabby alinyanyua raketi, akasita. Anita alipiga hatua moja, akasimama.

Kinyoya kikatua sakafuni kati yao bila kuguswa na mtu.

Ukumbi ulipiga makofi kwa wale wengine. Wao wawili walibaki wamesimama wakikitazama.

"Mbona hukupiga?" Tabby alinong'ona.

"Sikuwa nakiangalia," Anita alisema. "Nilikuwa nakuangalia wewe. Nilitaka kuona kama utaniachia."

Shiku na mwenzake ndio waliokwenda Olimpiki. Mwezi uliofuata Theuri alipiga simu Nanyuki kuuliza kile kitu chake cha kila mwezi, na Moffat akamjibu kwa upole, "Kazi iliisha, mzee. Ulinisaidia sana." Murugi anasema mumewe aliishika ile simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa.

Anita hakurudi Kiriaini. Alipanga chumba Majengo, karibu na Mwalimu Saumu, na anafundisha watoto pale ukumbini. Theuri alimfuata na mbuzi dume, kama desturi inavyotaka mtu akiomba msamaha. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, mtu mzima analia kama mtoto.

"Nilikukosea, mwana wa Ngendo. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Anko," Anita alisema. Alimpa kiti, akampa chai, akamuuliza hali ya ng'ombe na ya shamba. Mbuzi akampokea, asimwaibishe mzee.

Theuri akajipa moyo. "Basi twende nyumbani. Tabby amekutandikia."

Anita alimwongezea chai kikombeni.

"Kusamehe nimeweza," alisema. "Kulala chini ya paa lako, siwezi tena."

Theuri alirudi peke yake. Tabby, aliyekuwa akingoja langoni, alimwona baba akishuka barabara bila mtu nyuma yake. Aliingia ndani, akakunja blanketi la upande ule wa kitanda, akalirudisha sandukuni.

FUNZO

Wazazi, kipawa cha mtoto si shamba lako la kahawa. Umekabidhiwa kukilinda, hukukabidhiwa kukiuza. Theuri hakukosa akili, alikosa kuuliza. Aliyejua alikuwa amemfukuza langoni kwa sababu ya bei ya vinyoya. Anayekuja kukununulia mtoto wako kwa maneno matamu, muulize kwanza yeye anapata nini.

Mtoto wa ndugu uliyeachiwa ni wako kama wa tumbo lako. Siku utakayomkumbusha kwamba ni yatima ndiyo siku utakayomfanya yatima mara ya pili.

Na nyinyi vijana, ukiambiwa kwamba mwenzako amekusema vibaya, usiweke neno hilo moyoni lioze miezi mitatu. Mwendee. Muulize uso kwa uso. Wazee wetu walisema kikundi kidogo kikishirikiana huinua kinu; lakini hakuna kinu kinachoinuliwa na watu wawili ambao kila mmoja anamchungulia mwenzake aone kama atakiachilia. Pointi zinaweza kutafutwa tena baada ya miaka minne. Imani ikivunjwa nyumbani, haina kalenda ya kurudi.